Nani Aliitengeneza? Mwongozo Kamili wa Kutambua Mtengenezaji wa Taa Kongwe za Mezani, kwa Wasomaji wa Dodoma na Kanda ya Kati

Taa kongwe za mezani katika Kanda ya Kati zinaangamia kwa njia mbili. Nyingine zinauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, maana tangi la shaba lina uzito mzuri na anayeuza hana habari kwamba chini yake kuna jina. Nyingine zinabaki nyumbani, lakini zinasuguliwa kwa majivu na stiliwaya kila sikukuu hadi maandishi yote yanafutika. Baadaye mjukuu anauliza taa ya babu ilitoka wapi, na jibu limeshakwenda na maji ya kuoshea.

Nimeandika haya kwa ajili ya taa zilizotengenezwa takriban kati ya 1930 na 1970, za mafuta (za utambi pamoja na karabai) na za umeme. Ukitaka kumjua mtengenezaji, acha kuitazama taa kama kitu kimoja. Kuna tangi au kitako, kuna kichwa kinachoshika utambi au holda inayoshika balbu, kuna chemli (kioo kinachozunguka moto), kofia, waya na plagi, na kila kimoja kinaweza kuwa kimetoka nchi yake na mwaka wake. Hoji kila kipande peke yake, kisha tazama vingapi vinakubaliana. Jina moja lililogongwa mahali pamoja halitoshi kumaliza shauri.

Hatua ya 1: Usiisafishe bado

Piga picha kwanza, kabla hata ya kupangusa: mbele, nyuma, juu, chini ya kitako, na kila mahali penye herufi, nambari au mchoro. Kama taa ni ya umeme, chomoa plagi. Kama ni karabai, fungua kizibo polepole ili upepo utoke, mwaga mafuta yaliyobaki, na usijaribu kuipiga pampu. Kimfuko cha nyuzi kinachong'aa ndani ya karabai usikivunje wala kukipulizia. Vile vya zamani vilitengenezwa kwa kemikali ya thoriamu, yenye mionzi kidogo, na vumbi lake si la kuvuta puani.

Hali ya hewa ya Dodoma imetusaidia. Ukavu wa huku hauli chuma kama chumvi ya Tanga au Dar es Salaam, kwa hiyo hata maandishi madogo kwenye bati hudumu. Ila ukavu huohuo hukausha gundi, na lebo ya karatasi chini ya kitako inaweza kudondoka kwa kuguswa tu. Ukiikuta lebo, usiiloweshe. Ipige picha ikiwa ingali mahali pake.

Toa vumbi kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu. Halafu ingia chumba chenye giza kidogo, washa tochi ya simu na uilaze ubavuni, mwanga upite juu ya chuma badala ya kukipiga usoni. Herufi zilizolika zitajitokeza kwa vivuli vyake. Pakiwa bado hapasomeki, weka karatasi nyembamba juu yake na upitishe penseli kwa ubavu wa risasi. Mara nyingi karatasi itakuonyesha herufi ambazo jicho limeshindwa kuziona. Dawa ya kung'arishia shaba ije mwisho kabisa, na kwenye maandishi isifike kamwe.

Hatua ya 2: Uliza ilikotoka

Kwetu hatua hii ina faida kubwa, kwa sababu vitu vya zamani viliingia Kanda ya Kati kwa milango inayojulikana. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika huku wakati wa Wajerumani na kukamilika hadi Kigoma mwaka 1914. Waingereza wakashika mji mwaka 1916. Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika, iliyoanza mwaka 1927, ilihudumiwa na wamisionari wengi kutoka Australia. Upande wa Kanisa Katoliki, Dodoma ilikuwa chini ya mapadre Wapasionisti kutoka Italia. Iramba na Singida walikuwepo Walutheri wa Augustana kutoka Marekani. Halafu Kongwa: mpango wa karanga wa Waingereza wa miaka ya 1947 hadi 1951 ulileta watu, mashine, nyumba na samani, na ulipoanguka vitu vingi vilitawanyika.

Kwa hiyo taa iliyotoka kwa familia ya mtumishi wa zamani wa misheni ya Mvumi inakupa dhana moja, na iliyonunuliwa na babu aliyefanya kazi Kongwa inakupa nyingine. Si ushahidi, ila inakuambia uanze kutafuta wapi: Uingereza, Australia, Italia, Ujerumani au Marekani.

Ukienda kuuliza, nenda kwa adabu. Usiingie kwa mzee na swali la bei. Msalimie, "Shikamoo babu" au "Shikamoo bibi", na kama unajua Kigogo mwambie "Mbukwenyi", kisha uombe kuiona taa tu. Uliza iliwashwa na nani, kwenye chumba gani, mafuta yalinunuliwa wapi, nani aliirekebisha. Swali la mwisho ni la maana sana. Fundi aliyebadilisha holda au bomba mwaka 1975 ndiye aliyekuachia kitendawili unachokitegua leo.

Hatua ya 3: Mahali pa kutafuta maandishi

Watu wengi hutazama chini ya kitako, wakikosa wanasema taa haina jina. Chini ya kitako ni mwanzo tu.

Kwenye taa ya utambi, anza na kile kigurudumu kidogo cha kupandishia utambi. Uso wake ni mdogo kama sarafu, lakini watengenezaji walipenda kugonga jina lao hapo kwa sababu mkono wa mwenye taa hupagusa kila siku. Kisha fungua kichwa na utazame pete inayokiunganisha na tangi, na ukingo wa chini wa chemli, ambako mara nyingi kuna jina la kiwanda cha kioo, si cha taa.

Kwenye karabai, tazama ubavu wa tangi chini ya pampu, kishikio cha pampu, kizibo chenye geji, kirungu cha kufungulia mafuta, kofia ya juu, na chini kabisa ya tangi. Chomoa pampu pia, maana mti wake wakati mwingine una alama.

Kwenye taa ya umeme kazi huwa ndefu kidogo. Kitako kizito huwa na chuma cha kuongeza uzito, na chini kimefunikwa kwa kitambaa. Usikichane. Pitisha kisu chembamba kwenye ukingo na uinue pembe moja. Alama za kusubu kwenye chuma hujificha hapo. Fungua kofia na utazame upande wa ndani, karibu na tundu la holda. Tazama holda yenyewe kwa nje na ndani, swichi iliyo kwenye waya, maungio ya mkono kama taa ina mkono wa kukunja, na waya kwa urefu wake wote, kwani baadhi ya waya zina maandishi madogo yanayojirudia. Taa ya udongo wa kuchoma hubeba alama chini, iliyochorwa kwa mkono, kugongwa au kuchomwa chini ya rangi. Hapo herufi mbili za jina la mfinyanzi zinaweza kuwa na thamani kuliko lebo ya duka.

Kuna tofauti kati ya jina la mtengenezaji na jina la muuzaji. Lebo ya duka la Dar es Salaam, Nairobi au Bombay inakuambia njia taa iliyopitia, basi. Iandike, lakini usimpe mwenye duka sifa ya kiwanda.

Hatua ya 4: Soma nchi, nambari na nembo

Hata jina likikosekana, maneno mawili matatu ya Kiingereza au Kijerumani yanaweza kukupa nchi na kipindi.

"Made in W. Germany" au "Western Germany" ni ya baada ya 1949 na kabla ya 1990. Herufi D.R.P. na D.R.G.M. ni za hati miliki na usajili wa Ujerumani kabla ya kushindwa vitani mwaka 1945. Kifaa kilichobuniwa baada ya hapo kwa kawaida hubeba D.B.P. au D.B.G.M. "Made in Occupied Japan" ni ya kati ya 1945 na 1952. "Empire Made" mara nyingi ni ya Hong Kong. Anwani ya Marekani yenye tarakimu tano za posta baada ya jina la jimbo ni ya 1963 au baadaye, kwa kuwa mfumo huo ulianza mwaka huo. Ukiona alama ya CE (ya viwango vya Ulaya) au mistari ya msimbo wa dukani, acha kabisa habari ya miaka ya 1950. Hicho kipande ni kipya.

Maandishi "Rd. No." ni usajili wa umbo nchini Uingereza, ulioanza kuhesabiwa upya kutoka namba 1 mwaka 1884. Mwaka 1900 hesabu ilikuwa imepita kidogo 350,000, mwaka 1950 ilikuwa karibu 860,000, na mwaka 1960 karibu 895,000. Nambari ya hati miliki ya Marekani nayo inasomeka kirahisi: milioni ya 1 ilifikiwa 1911, ya 2 mwaka 1935, ya 3 mwaka 1961 na ya 4 mwaka 1976. Taa yenye nambari inayoanzia 2,400,000 basi haikuweza kutoka kiwandani kabla ya 1935.

Lakini hapa ndipo wengi wanapopotea. Nambari ya hati miliki inakuambia mwaka ambao taa haiwezi kuwa imeutangulia. Haikuambii mwaka iliyotengenezwa. Kiwanda kiliweza kugonga nambari ileile kwa miaka ishirini, maana kubadilisha muhuri wa chuma ni gharama. Anayekuuzia taa akikuambia "ni ya 1938, nambari inasema", mjibu kwamba nambari inasema 1938 au baadaye.

Nembo za ukaguzi wa umeme pia ni msaada: UL ni ya Marekani, VDE ya Ujerumani, alama ya BSI yenye umbo kama moyo au tiara ya Uingereza, IMQ ya Italia, na D ndani ya duara ya Denmark. Hizi nembo ni za waliokagua usalama, si za waliotengeneza, na mara nyingi zilikaguliwa holda au waya tu.

Hatua ya 5: Majina utakayokutana nayo

Nianze na mafuta, maana ndiyo mengi huku.

Aladdin ni taa ya mezani ya utambi wa duara yenye kimfuko cha kung'aa, isiyohitaji pampu. Kampuni yake ilianzishwa Chicago mwaka 1908 na Victor Johnson, na baadaye kukawa na kiwanda Greenford, Uingereza. Utamu wa Aladdin ni kwamba namba ya modeli imeandikwa kwenye kigurudumu cha utambi. Chemli yake nyembamba na ndefu ya aina ya Lox-On ina vijino chini vinavyojifunga kwa kuzungushwa. Taa ikiwa na kigurudumu chenye jina na chemli inayojifunga hivyo, kichwa umeshakitambua. Tangi lina shauri lake, tutalirudia.

Tilley ni ya Uingereza, karabai yenye shina refu na pampu. Kiwanda kilikuwa Hendon, London, na baada ya Vita Kuu ya Pili uzalishaji ukahamia Ireland ya Kaskazini. Kwa hiyo mahali palipotajwa kwenye tangi panakupa kipindi. Kuna modeli ya mezani ya TL10 na taa ya kubebwa X246, ambayo toleo lake X246B lilianza miaka ya 1960. Namba hizo zimegongwa kwenye taa yenyewe, na ndizo za kutafuta kabla ya jina kubwa.

Petromax imetufanya wengi tuite kila karabai jina hilo. Ilianza Berlin kwenye kiwanda cha Ehrich & Graetz mwanzoni mwa karne ya 20, na baada ya vita Graetz waliendelea Altena, Ujerumani Magharibi. Modeli maarufu ni 829, ya nguvu ya mishumaa 500. Umbo lake limenakiliwa duniani kote: karabai za Kichina zenye nembo ya nanga na zile za Butterfly zilijaa madukani Afrika Mashariki. Nakala si takataka. Zimeangaza harusi na mikesha mingi. Ila si Petromax, na asikuuzie mtu kwa bei hiyo.

Coleman ni ya Wichita, Kansas, pamoja na Toronto, Canada. Geuza tangi: modeli nyingi za baada ya vita zina namba ya mwezi upande mmoja na mwaka upande wa pili, na baadhi ya zile za zamani zina herufi A kwa nusu ya kwanza ya mwaka na B kwa nusu ya pili. Ni taa chache zinazokutajia umri wake wazi namna hii. Angalizo: Coleman nyingi zilitengenezwa kuchoma petroli safi, si mafuta ya taa. Usiiwashe kabla ya kujua yako ni ya aina gani, na karabai ya mafuta ya taa usiitie petroli hata kidogo.

Taa za utambi bapa za Uingereza zenye majina Hinks (Birmingham) au Veritas (ya Falk, Stadelmann & Co., London) ni kongwe zaidi, nyingi zina tambi mbili sambamba. Taa za kubebwa mkononi, ambazo nazo huitwa chemli, watu watakuletea pia: Feuerhand ina mkono ulioshika mwenge, na ikiandikwa Beierfeld ni ya kabla ya mwisho wa vita, kwani baadaye kiwanda kilihamia magharibi; Dietz ilianza New York na kuanzia mwaka 1956 ikatengenezwa Hong Kong pia; Chalwyn ni ya Uingereza.

Kwa upande wa umeme, taa ninayotamani kila mtu aijue kwa macho ni Anglepoise, kwa sababu huku inachukuliwa kuwa taa ya ofisi tu na mkono wake unakatwa kwa ajili ya springi. Mhandisi George Carwardine aliibuni na kupata hati miliki mwaka 1932, akitumia springi kuuweka mkono popote unapouacha. Waliozitengeneza ni watengenezaji wa springi, Herbert Terry & Sons wa Redditch. Ya kwanza, modeli 1208, ina springi nne. Modeli 1227, ya mwaka 1935, ina tatu, na ndiyo iliyoenea maofisini. Kitako cha mraba chenye ngazi tatu ni cha mapema. Chenye ngazi mbili kilifuata. Jina la taa na la kiwanda vimegongwa kwenye chuma karibu na springi, na mara nyingi rangi ya pili iliyopakwa na mtu wa baadaye imevifunika. Tochi ya ubavuni itakuonyesha. Taa ya springi inayofanana lakini imeandikwa Luxo ni ya Jac Jacobsen wa Norway, aliyepata haki za muundo huo mwaka 1937.

Taa nyeusi ya mezani yenye kofia ya mviringo inayoinama, ambayo kofia imegongwa "Original Kaiser-idell", ni ya Gebr. Kaiser & Co. wa Neheim, Ujerumani, iliyobuniwa na Christian Dell. Yenye mikono ya chuma kizito na maungio makubwa ya duara inaweza kuwa Jieldé ya Lyon, Ufaransa, iliyobuniwa na Jean-Louis Domecq mwaka 1950. Za Italia zenye jina Artemide haziwezi kuwa za kabla ya 1960, mwaka kampuni ilipoanza Milano. Taa ndefu za shaba za sebuleni kutoka Marekani zinaweza kuwa za Stiffel wa Chicago. Tafuta jina kwenye holda na kwenye kirungu kinachokaza kofia kwa juu.

Hatua ya 6: Taa ya umeme isiyo na jina

Hapa unabaki na holda, waya na plagi, na hawa mashahidi hawana uzito sawa.

Holda ndiyo ya kwanza kuaminiwa. Ya pini mbili, balbu ikiingizwa na kuzungushwa kidogo, ni desturi ya Uingereza na makoloni yake, Australia ikiwemo. Ya skrubu ni desturi ya bara la Ulaya, na ya Marekani inafanana nayo lakini ni nyembamba kidogo. Balbu ya kawaida ya hapa huenda isiingie vizuri. Holda ya bakelaiti nyeusi au ya kahawia, ile plastiki ngumu ya zamani, inaendana na miaka ya 1930 hadi 1950. Hakikisha tu kwamba skrubu zake hazijawahi kufunguliwa: ukingo wa mfereji wa skrubu ukiwa mkali na una vumbi la zamani, holda huenda ni ya asili. Ukiwa umeliwa na bisibisi, fundi alishapita.

Waya uliovikwa kitambaa ni wa zamani. Taa za Uingereza za hadi mwisho wa miaka ya 1960 zilitumia rangi nyekundu, nyeusi na kijani ndani ya waya. Kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano vikafuata. Waya hubadilishwa mara nyingi, kwa hiyo waya wa zamani unathibitisha umri, waya mpya hauukanushi.

Plagi usiitegemee. Karibu kila taa iliyoishi hapa ilishawekewa plagi ya pini tatu bapa. Ila ukikuta bado ina pini tatu za mviringo, za kabla ya kiwango kipya cha Uingereza cha mwaka 1947 kuenea, au pini zilizoinama za Australia, usiikate. Ifunge na taa, hata kama huitumii.

Tumia pia sumaku ndogo. Shaba haivutwi. Kitako kinachong'aa kama shaba na kinavuta sumaku ni chuma kilichopakwa, na hapo baadhi ya majina makubwa unaweza kuyafuta kwenye orodha yako. Kisha tumia utafutaji kwa picha wa simu, lakini piga picha ya kipande: umbo la kitako peke yake, maungio peke yake, kofia peke yake. Picha ya taa nzima hukuletea taa elfu zinazofanana kwa mbali.

Hatua ya 7: Mchanganyiko na nakala

Tuseme umeletewa taa ya mezani yenye kigurudumu cha Aladdin, chemli ya Jena ya Ujerumani, na tangi la kioo lisilo na alama yoyote. Wengi wataandika "Aladdin" na kwenda. Ukiigeuza, unaona pete ya kichwa imelazimishwa: kuna risasi ya kulehemu pembeni, na nyuzi za skrubu zimeanzia mahali pasipostahili. Jibu la haki hapo ni kwamba kichwa ni cha Aladdin, chemli ni ya kiwanda kingine iliyonunuliwa baada ya ile ya kwanza kuvunjika, na tangi bado halijatambuliwa. Jibu hilo halina aibu. Linatoa heshima kwa fundi aliyeiokoa taa, na linamlinda mnunuzi.

Dalili za mchanganyiko ni hizi: rangi mbili tofauti za shaba kwenye taa moja, kutu upande mmoja wa maungio na usafi upande wa pili, skrubu za milimita kwenye taa ya Kiingereza ya zamani, ambayo ingetumia vipimo vya inchi, risasi nyingi ya kulehemu. Kwa karabai kuwa mwangalifu zaidi, kwani nakala za Petromax zilitengenezwa kwa vipimo ambavyo vipuri vyake vingi vinaingiliana na vya asili. Kofia yenye jina inaweza kukaa juu ya tangi la nchi nyingine bila kuonyesha dosari. Kwenye nakala, tafuta herufi zisizo na kina sawa, nembo iliyowekwa upande, na bati jepesi linalovuta sumaku.

Kanuni ninayoifuata ni hii: nakiri jina la mtengenezaji pale vipande viwili visivyotegemeana vinapokubaliana, mathalani jina kwenye tangi na namba ya modeli inayolingana kwenye kichwa. Kipande kimoja kikisema peke yake, naandika "huenda". Vikipingana, naandika kila kipande kwa jina lake.

Hatua ya 8: Andika, na ushikilie bei

Chukua daftari, au faili kwenye simu, na kwa kila taa andika maneno yote yaliyomo kama yalivyo, hata yale usiyoyaelewa, pamoja na mahali yalipo. Pima kimo kwa sentimita na uzito kwa kilo. Andika ulikoipata, kama ni Msalato mnadani, Sabasaba, au nyumbani kwa mtu, na alichokuambia mwenyewe kuhusu ilikotoka. Kama ni kumbukumbu ya familia, omba ruhusa kabla ya kusambaza jina au picha ya nyumba yao.

Wauzaji wa vyuma chakavu wafanye marafiki. Waombe wakupigie simu kabla ya kuponda chochote chenye kigurudumu cha utambi, pampu ndogo ya shaba au mkono wa springi, na uwalipe zaidi ya bei ya kilo. Hilo tu litaokoa taa nyingi kuliko maonyesho yoyote.

Usitaje bei kwa mwenye taa mpaka umeshamaliza hatua zote, na ukishamtambua mtengenezaji, mwambie. Mama aliyekukaribisha chai hapaswi kuuziwa ujinga wake kwa elfu ishirini.

Mwisho ni kuiwasha, kama unataka itumike. Taa ya umeme mpe fundi anayeaminika abadilishe waya uliopasuka na apime kama chuma cha kitako hakishiki umeme; waya wa zamani uliotolewa ufunge kwenye mfuko na uandike juu yake ni wa taa gani. Taa ya Marekani ilitengenezwa kwa volti 120, nasi tunatumia 230. Kama ni ya balbu tu, fundi ataweka holda, waya na balbu vinavyofaa. Kama ina transfoma au swichi ya kupunguza mwanga, isichomekwe kabisa hadi vibadilishwe. Karabai ibadilishwe ngozi ya pampu na washa zake (pete za kuziba) kwanza, ijaribiwe kwa maji na upepo bila moto, tangi likaguliwe kama lina nyufa kwenye maungio, na siku ya kwanza iwashwe nje uani, mbali na nyasi na watoto.